Maswali ya wasomaji: Nimesamehewa, je, viazi vya watu nirudishe?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Mbeya, Iringa na Njombe, na karibu zote zinagusa jambo moja: dhambi ikisamehewa, nini kinaisha na nini kinabaki. Tumezijibu kwa zamu, wachungaji, katekista na mwalimu wa Biblia. Pale ambapo madhehebu yetu hayakubaliani, tumesema wazi.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mnunuzi wa viazi mviringo. Nachukua Isyonje na vijiji vya jirani, nashusha Mbeya mjini, vingine napakia kwenda Dar es Salaam. Mwezi wa saba niliokoka kwenye mkutano wa injili Uyole. Kabla ya hapo, kwa misimu miwili, nilinunua kwa lumbesa: gunia nililolipia kama la kilo 100 lilikuwa halipungui kilo 125, na bei ya shambani ilikuwa shilingi 50,000. Nakadiria magunia 200 hivi. Mchungaji wangu anasema yote yako chini ya damu, nisirudi kuchokonoa ya kale. Lakini nikikutana na wale wazee sokoni nashindwa kuwatazama usoni. Nifanye nini?
*Mnunuzi, Mbeya*

Ndugu yetu, mchungaji wako yuko sahihi nusu. Hatia yako mbele za Mungu imeondolewa, kwa hiyo usiende Isyonje na pesa ukidhani unanunua msamaha; huo umeshapewa bure. Anapokosea ni kuita marejesho "kuchokonoa ya kale". Msalaba umelipa deni lako kwa Mungu. Haujamlipa mzee wa Isyonje. Kilo zake 25 za kila gunia bado ziko mfukoni mwako, na msamaha haubadilishi mwenye mali.

Fungua Walawi 6:1-7. Anayesemwa pale ni mtu aliyemdhulumu jirani yake, iwe kwa amana, kwa kunyang'anya au kwa kiapo cha uongo. Angalia utaratibu wenyewe. Anarudisha kitu kwa ukamilifu, anaongeza sehemu ya tano juu yake, anamkabidhi mwenyewe, kisha ndipo analeta kondoo dume kwa kuhani afanyiwe upatanisho. Mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye. Yesu hakuugeuza utaratibu huo: katika Mathayo 5:23-24 sadaka inaachwa pale pale mbele ya madhabahu, mtu anakwenda kupatana na ndugu yake, ndipo anarudi kuitoa.

Ile sehemu ya tano ilikuwa ya mtu aliyejileta mwenyewe. Mwizi aliyebambwa alilipa zaidi: mara mbili kama mnyama amekutwa mzima mikononi mwake, na kama ameshamchinja au kumuuza, kondoo wanne kwa mmoja na ng'ombe watano kwa mmoja (Kutoka 22:1-4). Zakayo, yule mtoza ushuru, alijileta mwenyewe, lakini alijihesabia kiwango cha waliobambwa: "namrudishia mara nne" (Luka 19:8). Hakuna aliyemlazimisha. Sisi hatukupangii mara nne, na hata sehemu ya tano si sheria inayomfunga Mkristo kama ilivyomfunga Mwisraeli. Tunaishauri kwa haki ya kawaida tu: pesa ya mkulima imezunguka kwenye biashara yako misimu miwili, na yeye huenda alikosa mbolea kwa ajili hiyo.

Watakuwapo wa kukuambia lumbesa si wizi, kwani mkulima aliliona gunia na akakubali. Alikubali kwa sababu viazi vimeshachimbwa, viko kando ya barabara, na vikipigwa na jua vinageuka kijani asipate wa kuvinunua. Huko si kukubali. Walawi 19:35-36 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na sheria ya vipimo ya nchi yetu nayo imekataza lumbesa.

Sasa hesabu. Kilo 100 kwa shilingi 50,000 ni shilingi 500 kwa kilo, hivyo kilo 25 za ziada ni shilingi 12,500 kwa kila gunia. Mkulima aliyekuuzia magunia 12 anakudai 150,000. Weka sehemu ya tano, yaani 30,000, utampelekea 180,000. Kwa magunia yote 200 inafika shilingi milioni 3. Usianze kwa kuitazama hiyo jumla, itakuvunja moyo na utaacha. Anza na daftari: jina la mkulima, msimu, idadi ya magunia. Pale usipokumbuka vizuri, kadiria kwa kumpendelea mkulima.

Nenda mwenyewe. Mtu akiona 180,000 zimeingia kwenye simu yake bila maneno, atadhani umekosea namba na atazirudisha, au atakaa kimya kwa hofu. Chukua mtu mmoja anayeheshimika pande zote mbili, mzee wa kanisa kwa mfano, awe shahidi. Maneno yawe machache: "Baba, shikamoo. Mwaka juzi nilichukua kwako magunia 12 kwa lumbesa, nikakupunja kilo 300. Nimeleta thamani yake na nyongeza. Naomba unisamehe." Ishia hapo. Usiongeze kwamba wanunuzi wote walikuwa wakifanya hivyo, wala usimshinikize akujibu siku hiyo hiyo. Akikufokea, sikiliza mpaka amalize, ana haki.

Kama mkulima amefariki, haki ni ya mjane na watoto wake. Hakikisha inafika mikononi mwao, isiishie kwa shemeji anayesimamia mali ya ukoo. Kama huwapati kabisa, Hesabu 5:8 ilielekeza marejesho yapelekwe kwa Bwana kupitia kuhani. Kwa leo tunashauri yaende kwa wasiojiweza wa kijiji kile kile ulikochukua viazi; viongozi wa kijiji na wa makanisa ya pale wanawajua. Usiyatoe kama sadaka ya shukrani na jina lako likatangazwa. Hiyo si sadaka yako, ni mali ya watu, na ikipigiwa makofi kanisani mdhulumu anageuka mfadhili.

Usipoweza kulipa kwa mkupuo, gawa kwa misimu, ukianza na wajane na waliokuuzia magunia machache, kwa kuwa ndio walioumia zaidi. Kosa linalowaangusha wengi ni kutafuta pesa ya marejesho kwa lumbesa nyingine, au kwa mkopo ambao mke nyumbani haujui. Kuanzia msimu huu nunua kwa kilo, mizani ikae mahali ambapo mkulima anaisoma.

Wasomaji Wakatoliki wataona kwamba kwao jambo hili limeandikwa waziwazi: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inasema ondoleo linaondoa dhambi lakini halitengenezi yale yote dhambi iliyoyavuruga, na kurudisha kilichoibwa ndio mfano wake wa kwanza. Walutheri na Wamoravian hawayaweki marejesho kuwa sehemu ya sakramenti, ila hatujui katekisimo yao hata moja inayomruhusu mwizi abaki na mali.

Shikamooni. Nasoma kidato cha sita. Rafiki yangu Mwislamu bwenini ananiuliza: kama Mungu ni mwenye rehema, kwa nini asiseme tu "nimesamehe" mpaka mtu auawe? Na ni haki gani kumwadhibu asiye na kosa? Nimekosa jibu.
*Mwanafunzi, Tukuyu*

Marahaba. Swali la rafiki yako limeulizwa na Wakristo wenyewe tangu zamani, kwa hiyo usilichukue kama shambulio.

Kwanza ondoa picha ambayo wahubiri wengi wanaichora: Baba amekasirika anataka kupiga, Mwana anajitokeza katikati na kupigwa yeye. Picha hiyo ina mtu wa tatu asiyehusika, na ndiyo maana rafiki yako anaona dhuluma. Paulo anaandika hivi: "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake" (2 Wakorintho 5:19). Aliyekosewa ndiye aliyegharamika. Ukiuondoa Utatu kwenye fundisho hili, msalaba unakuwa kweli ni kumwonea asiyehusika. Hapo rafiki yako atakuwa ameshinda na itabidi ukubali.

Pili, "nimesamehe tu" huwa na mlipaji. Umemkopesha jirani magunia matano ya mahindi, mwaka ukaharibika, ukamwambia yaishe. Njaa ya yale magunia matano haijayeyuka hewani. Imehamia nyumbani kwako. Ndivyo alivyofanya mfalme wa Mathayo 18, aliyemfutia mtumwa wake deni la talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Talanta 10,000 ni dinari milioni 60: kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000. Mfalme alipofuta, hasara hiyo yote ilibaki kwake. Yule mtumwa naye alikuwa akimdai mwenzake dinari 100, mshahara wa miezi mitatu na ushee. Pesa ya kweli, si ndogo, lakini ni sehemu moja katika 600,000 ya aliyosamehewa.

Kuhusu damu, Walawi 17:11 inasema sababu: uhai wa mwili u katika damu. Madhabahuni unatolewa uhai. Mungu hana kiu, na Zaburi 50 inamcheka anayedhani Mungu hula nyama ya mafahali. Soma pia Walawi 16, Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya mwezi wa saba. Kuhani mkuu alivua mavazi ya fahari akavaa kitani. Alichinja ng'ombe dume kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na za nyumba yake, maana naye alikuwa mdaiwa. Kisha wakaletwa mbuzi wawili na kupigiwa kura. Wa kwanza alichinjwa, damu yake ikaingizwa ndani ya pazia na kunyunyizwa kwenye kiti cha rehema na mbele yake. Wa pili hakuchinjwa: kuhani alimwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama juu yake maovu ya taifa zima, na mtu aliyewekwa tayari akamwongoza hadi jangwani akamwachia huko. Mmoja anasafisha uchafu, wa pili anabeba mzigo na kutokomea nao. Wahubiri wetu humsahau huyu wa pili, na waumini wanabaki wamesafishwa lakini wanatembea na mzigo ule ule.

Mwonyeshe rafiki yako na Walawi 5:11. Maskini aliyekosa hata njiwa wawili alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, kama lita mbili, bila mafuta wala ubani, naye akasamehewa. Ni unga, sadaka isiyo na damu. Ndiyo sababu Waebrania 9:22 inasema kwa uangalifu "karibu vitu vyote" husafishwa kwa damu. Na Waebrania 10:4 inakiri kwamba damu ya mafahali na mbuzi haikuweza kuondoa dhambi. Sadaka zile zilikuwa zinaelekeza mbele, kwa Kristo.

Jinsi kifo cha Kristo kinavyofanya kazi, Agano Jipya linaeleza kwa zaidi ya njia moja: hukumu ya mahakamani (Warumi 3), fidia ya kumkomboa mtumwa (Marko 10:45), kuhani hekaluni (Waebrania), ushindi wa vitani (Wakolosai 2:15). Hakuna mtaguso mkuu wa Kanisa la kale uliochagua maelezo moja na kuyakataa mengine. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, mwaka 1098 alimaliza kitabu akieleza kwamba dhambi imemnyima Mungu heshima iliyo haki yake na mwanadamu hana cha kuirudishia. Abelard, mwanateolojia aliyekuja baada yake, alisisitiza upendo unaoyeyusha moyo wa mkosaji. Waleta matengenezo wa karne ya 16 walisema Kristo aliibeba adhabu yenyewe. Katika karne ya 20 Aulén, askofu wa Sweden, akawarudisha watu kwenye ushindi juu ya dhambi, mauti na shetani. Kwa maoni yetu, Abelard peke yake anaacha hatia bila jibu, na maelezo ya adhabu peke yake yanamfanya mtu asahau kwamba Yesu alifufuka. Pale Rungwe una nembo ya Wamoravian mbele ya macho yako: Mwanakondoo amebeba bendera, na maneno "Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate". Sadaka na ushindi viko pamoja.

Mnapoendelea na mazungumzo, anzieni mahali mnapokutana. Uislamu nao unafundisha kwamba toba inayogusa haki ya mja haikamiliki mpaka haki irudishwe kwa mwenyewe. Kwa hilo mnaweza kukaa meza moja na yule mnunuzi wa viazi hapo juu.

Kamwene. Ukoo wetu uko Kilolo. Baada ya vifo viwili mfululizo, wazee wamepanga tambiko la mbuzi, kila kaya ichange shilingi 20,000. Mimi ni mzee wa kanisa. Wananiambia hata Biblia ina mbuzi wa upatanisho. Nichange?
*Mzee wa kanisa, Iringa*

Kamwene, baba. Kabla ya kujibu ndiyo au hapana, mwendee baba mkubwa mapema, siku moja kabla ya kikao au zaidi, ukamuulize mambo matatu kwa heshima. Maneno yatakayosemwa wakati mbuzi anachinjwa yanaelekezwa kwa nani? Damu, au pombe itakayomwagwa, ni ya kumtuliza nani? Na kaya isiyochanga inatishiwa nini?

Kama jibu ni kwamba marehemu wamekasirika na wanatulizwa kwa damu, usichange, na sababu yako ni Waebrania 10:18: ondoleo likiwapo, hapana toleo tena kwa ajili ya dhambi. Hoja ya mbuzi wa Biblia haikusaidii hapo, kwa kuwa mbuzi wa Walawi 16 hakupelekwa kwa wafu, na kazi yake imekwisha.

Lakini mara nyingi chini ya tambiko kuna ugomvi halisi: mpaka wa shamba, mahari iliyoliwa na mmoja, mgonjwa aliyetelekezwa. Kama wazee wanataka watu waketi, waseme waliyokoseana, wapatane na kula mbuzi mmoja, changia bila wasiwasi, hata zaidi ya 20,000. Ukikataa tambiko, usikatae ukoo. Peleka unga, sukari na mchele wa kikao, kaa na watu, toka wakati wa maneno yale tu, urudi wakati wa chakula. Na ombeni karatasi za hospitali za hao marehemu wawili. Shinikizo la damu likiwa limewaua wote wawili, ukoo mzima unahitaji kupimwa, na hilo halingoji kikao.

Kuna wakati nilisema maneno mabaya juu ya Roho Mtakatifu. Nimetubu mara nyingi lakini sauti inaniambia sitasamehewa kamwe. Je, nimeshapotea?
*Msichana, Makambako*

Hapana, binti yetu. Marko 3:30 inaeleza kwa nini Yesu alitamka onyo lile la dhambi isiyosamehewa: waandishi waliitazama kazi ya Roho mchana kweupe wakaiita ya pepo mchafu, na walikuwa hawana nia ya kurudi. Wewe unalilia kurudi. Tubu mara moja, mbele ya mchungaji au padri akutamkie msamaha kwa sauti, kisha acha kurudia toba ya dhambi ile ile. Kama mawazo hayo yanakuja bila kukoma, yanakunyima usingizi au yanakulazimisha kurudia sala kwa idadi fulani, nenda pia kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa au ya rufaa. Huo ni ugonjwa unaojulikana na una tiba. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Mimi ni Mlutheri, mume wangu ni Mkatoliki wa Tosamaganga. Yeye anaungama kwa padri, mimi kwa Mungu moja kwa moja, na kikundi chetu cha maombi kinataka kila mtu aungame mbele ya wote. Nani yuko sahihi?
*Mama, Iringa*

Desturi hizi zilifika kwa njia tofauti. Walutheri wa Berlin na Wamoravian waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Kazi ya Wakatoliki Iringa ilichukuliwa na wamisionari wa Konsolata mwaka 1919.

Kwa mume wako mambo ni matano: kutafiti dhamiri, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama kwa padri, na kutimiza malipizi. Dhambi za mauti zinatajwa kwa aina na kwa idadi kadiri anavyokumbuka. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza kuungama angalau mara moja kwa mwaka. Padri akivunja siri ya maungamo moja kwa moja, anatengwa na Kanisa papo hapo. Hata mahakamani hasemi. Kinachoharibika mara nyingi ni hatua ya tatu: mtu anaungama Jumamosi jambo alilopanga kulirudia Jumatatu. Ondoleo la namna hiyo halina msingi.

Kwako, mama, labda hukuambiwa kwamba Luther hakufuta maungamo ya faragha. Katekisimo yake Ndogo ya 1529 inafundisha sehemu mbili, kuungama dhambi na kupokea ondoleo kutoka kwa mchungaji kana kwamba ni kutoka kwa Mungu mwenyewe. Ungamo la Augsburg la 1530 linataka ondoleo la faragha lidumishwe, ila halilazimishi kuorodhesha dhambi zote. Mchungaji wako ana wajibu wa kukusikiliza ukimwomba. Maungamo ya pamoja ya Jumapili yanatosha kwa wengi, lakini dhambi inayokukaba koo huwa inahitaji kusikilizwa na mtu.

Kuhusu kikundi, tunakuwa wakali. Yakobo 5:16 inasema ungamianeni, haisemi tangazeni. Upana wa maungamo ulingane na upana wa dhambi: uliyomtendea mmoja, mwambie huyo mmoja, uliyowatendea washirika wote, kama mweka hazina aliyekula michango, sema mbele ya wote. Uzinzi ukitangazwa kikundini kwa majina unaanika mtu mwingine ambaye hakuomba kuungamiwa, na kabla ya Jumapili habari zimefika Ipogolo. Yeyote anayemlazimisha mtu aungame hadharani anatafuta habari.

Nabii mmoja ameniambia laana ya ukoo wangu itavunjwa kwa sadaka ya shilingi 300,000. Nitoe?
*Kijana, Tunduma*

Usitoe. Wagalatia 3:13: "Kristo alitukomboa katika laana ya torati". Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Anayedhani karama ya Mungu hupatikana kwa pesa amejibiwa na Petro katika Matendo 8:20. Madhara ya tabia za wazazi yapo, kama ulevi na madeni, lakini hayo yanatibiwa kwa kuacha pombe na kulipa madeni.

Mume wangu hunipiga akirudi kutoka kwenye ulanzi (pombe ya mianzi). Mara ya mwisho nilishonwa nyuzi sita. Niko kwa mama yangu. Wazee wa kanisa wamekuja kunirudisha, wanasema Yesu ameagiza kusamehe saba mara sabini. Nikikataa natenda dhambi?
*Mama wa watoto watatu, Mafinga*

Hutendi dhambi, mama. Baki kwa mama yako.

Wazee wamenukuu Mathayo 18:22 na kuruka mistari ya 15 hadi 17 ya sura hiyo hiyo. Pale Yesu anaagiza mkosaji aonywe, kwanza faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa, na asiposikia awe kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Agizo la kwanza la sura ile linawahusu wao: wakamwonye mwanamume. Luka 17:3 nayo ina masharti, "akitubu msamehe".

Kusamehe ni kuacha kisasi na kumkabidhi Mungu hukumu. Hilo unaweza kulianza ukiwa hapo hapo kwa mama yako, polepole, bila kuharakishwa. Kurudi kuishi naye ni jambo jingine, na linategemea matendo yanayopatana na kutubu (Matendo 26:20), siyo machozi ya siku moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo.

Ya kufanya sasa. Nenda kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ijazwe na daktari aliyekushona au kituo hicho cha afya, tunza nakala. Siku nyingine ikitokea umeumia vibaya, tibiwa kwanza, fomu ifuate. Ona pia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kuhusu matunzo ya watoto, kwa kuwa baba anawajibika hata mkiwa mmetengana. Kushtaki hakupingani na kusamehe: unaweza kumsamehe mtu na bado ukaeleza ukweli mbele ya hakimu.

Wazee wakirudi, wapokee vizuri na uwaambie masharti yako mbele ya mama yako au mjomba. Mume akiri alichofanya kwa maneno kamili, kwamba alikupiga mpaka ukashonwa nyuzi sita, pasipo "lakini" wala "aliniudhi". Aache ulanzi, na awepo mtu wa kumfuatilia. Alipe gharama ya matibabu. Atunze watoto mkiwa mnaishi mbali kwa miezi kadhaa, mitatu ni michache mno. Amtembelee mchungaji kila juma kwa muda huo. Akishindwa hata moja, wazee waandike kwamba ameshindwa, na karatasi hiyo nakala yake ibaki kwako.